Nilimfukuza Mfumo, Sasa Bebe Haonekani

Mpendwa Mama Vololona, naomba msaada kabla ukoo haujanifunga mimi kwenye mkeka badala ya marehemu.

Mimi ni Ndrina, mwenye spika za kukodisha hapa Ambositra, milimani Madagaska, ukisikia sherehe mpaka bonde la tatu jua ni mimi, na usinidharau kwa mwandiko, shule niliiacha mapema lakini dunia nimeisoma yote, nimepika kwenye meli, nimekula mkate Marseille, Mauritius niligombana na polisi kwa lugha tatu nikashinda, sasa niambie, mtu kama huyo anashindwaje na laptopu?

Basi nimeshindwa.

Bibi yetu, Bebe Razafy, alipokuwa mgonjwa aliniita akasema, "We mwenye mdomo, njoo unirekodi, maana nikishavishwa sanda mtaanza kunisingizia maneno." Nikamrekodi video kwa simu. Anacheka humo, anamsema mjomba Rafara kwa uvivu, anaimba, anatubariki mmoja mmoja mpaka watoto ambao hawajazaliwa. Nikaihamishia kwenye laptopu, na simu yenyewe baadaye ikatumbukia kwenye sufuria ya supu, kwa hiyo hakuna kwingine sauti yake ilipo. Mwezi wa nane tunafungua kaburi, tunamtoa Bebe kama ilivyo mila yetu kwa wazee, tunamvisha sanda mpya, ndiyo mara yake ya kwanza tangu tumzike, na mimi nimeutangazia ukoo mzima kwamba tukishambeba mabegani na kucheza naye tutatundika shuka ukutani liwe skrini, Bebe aongee mwenyewe. Watu wanatoka hadi Toamasina. Nguruwe wameshachaguliwa.

Sasa dada yangu Haingo, aliyeolewa huko Toamasina, alishaniambia zamani, "Ndrina, nipe nakala nikae nayo kwangu."

Nikamjibu, "Dada, una wazimu? Mtu wa ukoo hagawanywi! Kichwa Ambositra, miguu Toamasina? Wazee wetu wote wamelala kaburi moja, na Bebe atakaa mahali pamoja."

"Hilo ni faili, wewe, si mifupa."

"Pwani imekusahaulisha mila," nikamwambia, na nikakata simu kwa heshima zangu zote.

Nakala nikazitengeneza mwenyewe, nyingi, zote ndani ya laptopu ileile, kwenye folda niliyoiita Kaburi. Kuna Bebe, Bebe wa Pili, Bebe wa Akiba, na Bebe Usiguse. Nikalala usingizi wa tajiri.

Haukupita muda laptopu ikaanza kulalamika imejaa. Nikafungua pale panapoonyesha nani amekalia nafasi, nikamkuta mmoja anaitwa Mfumo, kachukua karibu nusu ya nyumba. Mama, laptopu nilinunua mimi, huyu simjui, sikumwalika, hachangii hata mchele! Nikasema mpangaji huyu leo anatoka. Nikaingia kwenye mafolda yake nikafuta, laptopu inauliza una hakika, nasema ndiyo, una hakika kweli, ndiyo, mengine ikakataa nikatafuta mtandaoni namna ya kuilazimisha, maana mimi sibishani na chombo. Nikaizima kwa ushindi. Tangu hapo kioo ni cheusi, na maandishi meupe ambayo hata Marseille sikuyaona.

Fundi mmoja wa sokoni anasema ataifuta yote aweke mfumo mpya, itakuwa kama imetoka dukani. Mama yangu kila asubuhi ananiuliza, "Shuka umeshafua?" Nami namjibu, "Mama, tulia, nina nakala tele." Nimpelekee fundi kesho? Na Haingo nimwambie nini?

Ndrina, Ambositra

*

Ndrina,

Usimpelekee! Soma neno hilo mara ya pili, ndipo uendelee.

Pole, mwanangu. Nimecheka mpaka chai ikanitoka puani, kisha nikamfikiria Bebe wako nikaacha. Mfumo si mpangaji. Ni nguzo, ni paa, ni mlango unaokuingiza ndani. Nguzo hazichangii mchele, kweli, lakini jaribu kutunza mchele kwenye nyumba isiyo na nguzo. Wewe umezing'oa moja moja huku nyumba yenyewe ikikuuliza kama una hakika. Mtu aliyewashinda polisi kwa lugha tatu ameshindwa kusema "hapana" kwa lugha moja.

Ila paa likianguka, vyombo vinaweza kubaki chini ya kifusi. Hukuigusa folda ya Bebe. Inawezekana sana bado yupo humo mzima, amekosa mlango tu. Atakayemmaliza ni huyo fundi wa kufuta yote, maana huko ni kulima shamba juu ya kifusi. Kwa hiyo usiiwashe tena kujaribujaribu. Tafuta fundi mwingine, na kabla hajashika hata bisibisi muulize, "Utaitoa diski, uiunganishe na kompyuta nyingine, unakili faili zangu kwanza?" Akijikuna kichwa, beba laptopu yako uondoke. Kama uliifunga kwa neno la siri, mpelekee na neno hilo.

Sasa nakala zako. Hukuwa nazo. Video nzito ileile kuirundika ndani ya diski moja ni kuijaza nyumba kwa mikono yako, kisha unamlaumu Mfumo. Laptopu ikijaa tena, mwaga pipa la taka, kwa sababu ulichofuta kinakaa humo na kinaendelea kula nafasi. Pitia vitu ulivyopakua ukavisahau. Mabaki ya mfumo uachie mfumo wenyewe, unacho chombo chake cha kujisafisha. Kama una video za sherehe za watu humo, zihamishie diski ya nje, lakini ujue kuhamisha si kunakili: kitu kilichopo mahali pamoja tu, hata pawe papya, ni kimoja.

Na usinisomee mila kana kwamba mimi nilizaliwa Paris. Mifupa haigawanywi, sawa. Baraka je? Bebe amewabariki mpaka wasiozaliwa, wewe ukamfungia kwenye chombo kimoja karibu na sufuria! Akipatikana, nakala moja ibaki kwenye laptopu, moja kwenye diski ya nje kabatini kwa mama yako, moja Toamasina kwa Haingo. Ukiweza, na nyingine kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kisha fanya kama tunavyowafanyia wazee wetu: kila baada ya muda fungua, tazama mpaka mwisho, na diski ikichakaa mvishe mpya. Nakala isiyofunguliwa hakuna anayejua kama ni nzima.

Mpigie Haingo leo, kabla hujamwona fundi yeyote. Usianze na Marseille. Mwambie, "Dada, ulisema kweli, nimeharibu, najaribu kuokoa, ikipatikana ya kwanza ni yako." Atakutukana, na ana haki. Mvumilie mpaka amalize. Halafu mwambie mama yako, maana anayeulizia shuka kila asubuhi anastahili kujua kama kuna cha kuonyesha.

Na Bebe asipopatikana, shuka msitundike. Wapange waliowahi kubarikiwa naye, kila mtu aseme alichokisikia kinywani mwake, uanze wewe, bila chumvi. Mjomba Rafara naye aseme alivyosemwa. Haingo arekodi, na asipande gari la kurudi pwani mpaka kila nyumba ya ukoo imepata nakala yake.