Malkia Aliyepanda Pikipiki

Jumatatu, 3 Juni
Nimemaliza mkono wa kushoto wa robe ya Neema, gauni lake la arusi. Wa kulia umekataa kukaa, nimeufumua. Mdogo wangu anaolewa na Byamungu wa Luberizi tarehe 22. Fundi ni mimi. Hakuna anayeuliza kama mgongo unaniuma.

Jioni tumeangalia Falme za Chumvi, mimi na yeye, kama kawaida. Imebaki sehemu ya mwisho tu. Haijafika Uvira. Yule wa Mulongwe anayetukopia filme kwenye flashi anasema tungoje. Tumeapa: hakuna kuiangalia peke yako.

Jumanne, 4 Juni
Nimeota mwisho wa filme. Upuuzi mtupu. Malkia Sarenda anaolewa hapa Uvira, kwenye mchanga wa ziwa. Robe yake haina mkono wa kulia. Joka limefungwa kamba kama ng'ombe, linakula ndagala, visamaki vya ziwa, kwenye beseni. Malkia anavua taji, anamwekea bwana arusi mikononi, anapanda pikipiki, anaenda. Haangalii nyuma. Bwana arusi anabaki amesimama na taji. Basi.

Nimewasimulia kwenye chai. Neema amecheka mpaka chai ikamtoka puani. Mama hakucheka.

Alhamisi, 6 Juni
Mama ameipeleka ndoto yangu kwenye chumba cha maombi. Amewaambia wenzake kwamba binti yake mkubwa ameona bibi arusi akimwacha bwana arusi kando ya ziwa. Joka amelitaja. Filme hakuitaja. Mama Zawadi, mwombezi, amefunga macho, akasema joka ni roho ya ukoo wa kina Byamungu, na arusi isimame kwanza. Wamama wote wanafunga kula mpaka Jumapili.

Nina hasira. Joka lenyewe lilikuwa linakula ndagala!

Ijumaa, 7 Juni
Nimeenda mwenyewe. Nimesimama mbele yao nikaeleza: ile ni filme, Sarenda ni muntu wa filme, hana habari na sisi. Mama Zawadi kanisikiliza vizuri sana. Halafu akasema: "Mwanangu, Mungu anaweza kupita hata mu filme." Amina kila upande. Wakaniwekea mikono kichwani, wakaniombea.

Mama amempigia Byamungu simu. Kamwambia angoje, bila kumwambia angoje nini. Neema hatoki chumbani. Anampenda yule mwanaume, hilo najua, anamtaja hata akiosha sahani. Aliniuliza tu mimi dada yake: "Yaya, kwa nini ulisema?"

Robe iko kwenye mashini, sindano bado imechoma kitambaa.

Jumapili, 9 Juni
Nimedanganya mbele ya chumba kizima cha maombi. Nimesema nimeota tena, ndoto imeendelea. Nikasema pikipiki imerudi. Malkia hakukimbia. Alikuwa ameenda kumchukua mama yake, sababu arusi haiwezi kuanza mama hajafika. Mama yake kashuka kwenye pikipiki, bwana arusi kampigia magoti, kisha kamrudishia malkia taji.

Mama yangu kalia kwa sauti. Mama Zawadi katangaza kwamba kizuizi kimeondoka. Ijumaa nilisema ukweli, wakaniombea. Leo nimesema uongo, wamepiga vigelegele.

Tumerudi tukakaanga samaki, mikeke ya ziwa. Mama amemaliza sahani, akaongeza. Neema kanibana mkono chini ya meza. Mimi nimerudi kwenye mashini.

Jumamosi, 22 Juni
Wameoana. Robe imekaa. Mkono wa kulia una kasoro, naiona mimi tu. Byamungu kalia, mwanaume mzima. Mama alikaa mbele kabisa, na uso wa mtu aliyeletwa kwa pikipiki.

Wameondoka kwenda Luberizi kabla ya jua kuzama. Chumba chetu kimekuwa kikubwa. Sikipendi.

Jumatano, 10 Julai
Sehemu ya mwisho imefika. Nimeiangalia peke yangu. Kiapo nimekivunja, naandika hapa tu.

Arusi kando ya maji. Malkia anavua taji, anamwekea bwana arusi mikononi, anapanda farasi, anaenda. Haangalii nyuma. Nimerudisha nyuma nikaangalia tena. Ni farasi, si pikipiki. Mengine yote ni yale yale. Nimengoja mpaka majina yakaisha kupita. Harudi.

Nimeogopa. Nimempigia Neema. Wanavuna mpunga, nyuma yake nimesikia Byamungu anafukuza ndege, anapiga makelele, na Neema anamcheka. Kaniuliza kama sehemu ya mwisho imefika. Nimemwambia flashi imekufa. Kasema haina neno, tutaiangalia akija.

Flashi nimeifuta.

Mama alikuwa kwenye kibaraza anachagua maharagwe. Kaniuliza ile filme yetu iliisha namna gani, malkia alirudi?

Nimesema alirudi, na mama yake.

"Si niliwaambia," kasema, akaendelea kuchagua. Nimekaa karibu naye nikamsaidia.