Mistari Miwili ya Tindo

Jumatatu, 2 Desemba 2024

Nimefika Chimala saa kumi jioni. Siku mbili barabarani kutoka Kalenga, mgongo umekuwa ubao. Dereva wa lori kanizomea njiani eti naendesha kobe. Kobe! Hili ni trekta la marehemu baba, na anayeliendesha ni mimi Sosthenes. Shule Form Two nusu, udereva digrii.

Masharti ya baba mdogo Danieli nayaandika hapa asije akayageuza. Nilime eka kumi na nne za Mama Esnath, mimi mwenyewe, kwa trekta hili, kabla maji hayajafunguliwa kwenye mfereji tarehe 14. Nikiweza, trekta langu. Nikishindwa, analiuza kwa mtu wa Mafinga. Kadi ya trekta iko mfukoni mwake. Alivyosema "nakuamini mwanangu" alikuwa anatazama matairi.

Watu wa hapa wazuri mno. Sijapenda. Sijazima hata injini, mzee mmoja mwenye kofia ya sufu, Andendekisye, naye ana trekta lake, kaniletea jeki. Sikuomba jeki. Anasema kaa nayo kijana, tope la hapa halina adabu. Nikauliza nailipia nini. Akacheka, akaondoka zake.

Baba alikuwa na kufuli saba. Banda moja, kufuli saba. Alisema mtu akikupa bure, ukifika nyumbani hesabu vidole.

Mama Esnath kanipa chumba cha uani. Nalala na jeki uvunguni. Vidole kumi, nimehesabu.

Jumanne, 3 Desemba

Nimewagundua.

Ile jeki ina mistari miwili, imegongwa kwa tindo, sambamba, kama mtu kapiga chale chuma. Nikasema sawa, alama ya mwenyewe. Nikapita kwa dada Tupokigwe — huyu ana trekta na analiendesha mwenyewe, mdomo kama honi — spana zake mistari miwili. Betri yake mistari miwili. Mpaka ndoo ya grisi!

Akili yangu haikuchukua dakika. Mahali watu wanagonga alama mpaka ndoo, wezi wamejaa. Na wezi wenyewe ni haohao wenye tabasamu.

Basi na mimi nikagonga. Tindo na nyundo nimeazima kwa Mzee Andendekisye mwenyewe, yaani mwizi kanipa silaha. Nimegonga vitu kumi na saba: pampu ya maji, betri, usukani, radieta, mkanda wa feni, nozeli, naendelea, naendelea, mpaka kiti. Mchana kweupe, mbele yao. Wajue huyu hachezewi.

Mzee alisimama kunitazama muda mrefu. Nilipofika kwenye kiti akavua kofia. Kaogopa.

Alhamisi, 5 Desemba

Eka tano zimelala chali. Mistari yangu ya jembe imenyooka, hata korongo wanatembea humo kwa heshima.

Ila kuna jambo. Tangu juzi kila mtu ananishukuru. Mzee Andendekisye kanishika mkono kwa mikono yote miwili, "ndaga fijo, kijana," yaani asante sana kwa Kinyakyusa chake. Asante ya nini? Dada Tupo kaniletea mahindi ya kuchemsha shambani. Ananiita Mkwawa kwa sababu natoka Kalenga. Anasema, "Kula Mkwawa, sisi tulidhani Wahehe wabahili." Nikamwambia sisi si wabahili, tuna kumbukumbu tu. Akacheka mpaka akashika tairi.

Mahindi nimekula. Matamu. Huwa wanaanza hivyo.

Jumamosi, 7 Desemba

WAMEIBA KITI.

Jana nilimaliza eka ya tisa giza linaingia, leo nikajilaza kidogo. Nimeamka saa tano. Trekta liko uani palepale, kiti hakuna. Boliti zake nne zimepangwa vizuri juu ya bodi, zimefutwa mafuta. Na pale kilipokuwa kiti kuna mchele nusu debe, umefungwa kwenye kitenge.

Nimezunguka trekta mara tatu. Mwizi gani anafuta boliti? Mwizi gani anaacha mchele?

Jibu ninalo. Huu ni mchele wa kuniziba mdomo. Hauwezi kuniziba. Nimepika kidogo kama ushahidi. Mwingine nimeuficha.

Mvua ilishuka mchana, sikulima.

Jumapili, 8 Desemba

Nimekiona. Kiko chini ya dada Tupokigwe, amekikalia kama wa kwake, anavuta tela la kwaya kwenda kanisani. Kaniona. Kapunga mkono! "Kiti chako kizuri Mkwawa, cha kwangu kilinichoma spring mpaka sikukaa siku mbili."

Kwaya nzima ikanipungia.

Sijawahi kuona wizi wa namna hii. Na mimi nikapunga, mimi ambaye mwalimu wa nidhamu alinishindwa.

Jumatatu, 9 Desemba

Leo Uhuru. Hata nchi imepumzika, nikasema na mimi nani. Nimeamka saa tano na nusu.

Pampu ya maji hakuna. Imefunguliwa kitaalamu, mkanda umening'inizwa pembeni usichafuke. Kwenye usukani kafungwa jogoo mwekundu, mzima, ananitazama kana kwamba mimi ndiye mwizi.

Bila pampu injini inachemka dakika kumi tu. Zimebaki eka tano. Maji Jumamosi. Nikamuuliza Mama Esnath kama kaona mtu. Anasema, "Si Andendekisye alikuja saa nne na dakika kumi? Alikaa kwanza akasubiri." Anasema hivyo huku anachambua mboga, wala hakuinua kichwa.

Naye yumo.

Jumanne, 10 Desemba

Nimekwenda Mbeya mjini kutafuta pampu. Duka la spea la Karan, Mhindi kijana, anaongea Kiswahili cha Mbeya kuliko wa Mbeya. Anasema pampu zimeisha, mzigo unaingia Jumatatu. Jumatatu nitakuwa nimeshanyang'anywa trekta.

Akaniuliza natoka wapi. Chimala. Akaweka kalamu chini.

"Wewe ndiye Mkwawa? Uliyegonga trekta zima?"

Nikasema ndiyo mimi, kifua mbele. Akamwita mama yake kutoka nyuma ya duka aje anione. Mama akaja, akanitazama, akasema kwa miaka yote hawajasikia mtu kagonga mpaka kiti.

Hapo nikashtuka. Nikaanza kumchimba polepole, kama najua vile. Kumbe hivi. Kwa wenye matrekta wa Chimala, kitu chenye mistari miwili ni cha kuazimana. Mstari wa kwanza wangu, wa pili wa jirani. Trekta likiwa halijawashwa mpaka saa nne asubuhi, linahesabiwa limepumzika. Basi aliyekwama anakuja, anafungua alichokosa, haombi, anaacha kitu kidogo kwa sababu chombo hakirudishwi kitupu, na akimaliza analeta. Watu hugonga jeki, spana, labda betri ya akiba. Mimi nimegonga vitu kumi na saba. Kisha nikalala mpaka saa tano.

Karan anasema, "Sasa pampu ya kununua ya nini? Chukua ya mwenzako." Muuza spea anayekukataza kununua. Huyu naye ana lake.

Nikiwa kwenye basi nimejiuliza: nirudi niseme nilikosea? Nilidhani nyie wezi? Mtu niliyevuliwa kofia? Hapana. Nimegonga, nimegonga. Mkarimu kuliko wote Chimala ni mimi. Sikupanga, lakini ni mimi.

Ila kama ni mtego, ni mtego mzuri sana.

Jumatano, 11 Desemba

Mtego. Nilijua tu.

Nimekwenda shambani kwa Mama Esnath kukagua zile eka tano zangu, nikasikia trekta. Mzee Andendekisye yumo ndani. Analima eka ZANGU kwa pampu YANGU. Na eka tatu tayari zimepinduliwa. Nikakimbia kwenye tope, kiatu kimoja kimebaki huko mpaka sasa.

Nikamsimamisha. Nikamwambia mzee, umechukua pampu, umechukua na kazi? Akazima. Akashuka taratibu, kama mtu anayeshuka kitandani.

"Jumamosi hukuwasha, tukasema kachoka. Jumatatu hukuwasha, tukasema kijana anaumwa. Nilikuja kuchukua pampu nikasikia unakoroma vibaya. Mgonjwa halimi, analimiwa."

Nikauliza na malipo? Akanitazama kama nimeongea Kichina. Anasema malipo ya Mama Esnath ni yangu yote, yeye kashapata pampu, shamba lake liliisha jana.

Nikakohoa kidogo. Mara mbili.

Amenifunika koti lake mabegani mpaka nyumbani. Njia nzima nimejiuliza anataka nini. Umri wake ule, jembe lake lile, jogoo wake yule. Sijapata jibu, na hiyo ndiyo inanitisha.

Alhamisi, 12 Desemba

Pampu imerudi, imeoshwa, ina grisi mpya. Kiti kimerudi, kimeshonewa kitambaa. Nimekaa. Kizuri kuliko zamani.

Nimekagua kama pampu ni ileile. Ni ileile. Nimekagua tena.

Ijumaa, 13 Desemba

Baba mdogo kashuka basi la Iringa saa sita, suti ya msiba, mkoba kwapani. Nikampeleka shambani, eka kumi na nne zote nyeusi, tayari kwa maji. Akabana midomo. Nikaona kashindwa, anatafuta pa kutokea.

Mama Esnath ndiye kamfungulia mlango. Kwa upendo tu, masikini. Kamwambia, "Shemeji, kijana wenu kajaliwa marafiki, alipougua wenzake wakammalizia eka tano."

Baba mdogo akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Kumbe wewe umelima tisa."

Nikasema baba, kazi imeisha au haijaisha? Akasema masharti yalikuwa wewe mwenyewe, kwa trekta hili. Mtu wa Mafinga anakuja kesho saa tano na dereva wake. Wanaliwasha, wanaondoka nalo. Akanitaka nilioshe.

Nimeliosha. Kwenye bonet kuna bonyeo la goti la baba, alikuwa anapiga goti hapo akikagua mafuta. Nimelisugua hapo muda mrefu, halitoki. Sikutaka litoke.

Jioni nikapita kwa Mzee Andendekisye kumrudishia koti. Ndani ya mfuko nimeweka mayai mawili, koti lisirudi tupu. Dada Tupo alikuwepo, anakunywa chai. Habari za kuuzwa walikuwa nazo, hapa habari haina kufuli. Wamesema pole. Nikawatazama nyuso, nikaona watu wawili wanaojua mimi nitakwenda na wao watabaki. Nani atajisumbua?

Nikiwa mlangoni nikauliza kama mzaha:

"Mzee, hiyo saa nne yenu ni kwa saa ya nani?"

Akapuliza chai.

"Kwa redio."

Jumamosi, 14 Desemba

Saa tatu na dakika arobaini. Naandika nimekaa kwenye kiti cha trekta, uani. Baba mdogo yuko ndani kwa Mama Esnath, anakunywa chai, kadi kaiweka mezani kabisa. Redio imewashwa dirishani.

Tangu alfajiri sijawasha. Ufunguo uko kwenye soksi.

Saa tatu na hamsini. Wamekuja. Mzee Andendekisye, dada Tupo, na wengine watano ambao sijawahi hata kuwasalimia vizuri. Hawajaingia. Wamekaa kando ya uzio juu ya masanduku yao ya spana, kama watu wanaosubiri misa ianze. Dada Tupo ana bata kwapani. Mwingine ana mkungu wa ndizi. Mwingine kabeba ndoo, sijui ndani kuna nini.

Sasa niandike ukweli kwa sababu hasomi mtu. Naogopa. Vitu kumi na saba vikitoka hapa, hili si trekta tena, ni mifupa, na mifupa haiendi Mafinga. Sawa. Lakini itarudi? Kwa lini? Wakikaa navyo mwaka, nitawadai kwa karatasi gani? Alama niliwagongea mwenyewe. Wale watano siwajui majina. Yule mwenye ndoo hanitazami usoni. Baba angekuwepo angeshafunga kufuli zote saba na kulala mlangoni.

Dada Tupo kaniita kwa sauti ndogo. "Mkwawa, leo unajisikiaje?"

Nikakohoa. Mara mbili.

Akaitikia kwa kichwa, akamhamishia bata kwapa la pili.

Saa tatu na hamsini na nane. Baba mdogo anaita kutoka ndani, anasema Sosthenes, washa hilo trekta lipate moto, mgeni kawahi, keshafika stendi. Nimeitika, naam baba, nakuja. Nimeshuka kwenye kiti. Mzee kasimama, kavaa kofia vizuri, kafungua sanduku. Spana namba kumi na tatu, ile ya pampu, ndiyo ya kwanza kuitoa.

Ana mpango gani yule mzee?

Redio imeanza kulia ile milio ya saa. Mmoja. Wa pili. Nimemshikia geti aingie.