Hesabu Anazosikia Peniel

Itigi

Dada yangu Damari,

Shikamoo dada, na Bwana asifiwe. Mimi ni mzima, na mwanao Peniel ni mzima kabisa, anakula kunizidi. Miguu ya mama inaendeleaje? Na alizeti zenu huko Ulemo zimepata mvua? Huku jua linatukomesha.

Dada, ulisema kwenye simu kwamba likizo hii unakuja kumchukua mwanao moja kwa moja, eti asiyeona na hesabu wapi na wapi. Nilikata simu kwa hasira. Unisamehe, sasa zimepoa.

Kosa lilikuwa letu walimu. Hesabu tulikuwa tunazipiga picha ubaoni na kuziingiza kwenye kompyuta. Ile kompyuta inayomsomea kwa sauti ikifika hapo inatamka "picha", basi. Mtoto atakokotoa picha? Nikaanza kuziandika upya, namba na alama zake, ili zitamkwe. Nikajiona fundi. Peniel akakosa zote! Nilipomuuliza, akasema anasikia eksi jumlisha sita gawanya kwa mbili, lakini hajui kama inayogawanywa ni sita peke yake au eksi na sita kwa pamoja. Jamani! Sisi tunauona ule mstari wa kugawanya, yeye hauoni. Basi sasa kila penye mstari naandika unapoanzia na unapoishia, na kompyuta inamtamkia. Juzi alipata zote, akacheka mpaka akapaliwa na chai.

Sasa nikwambie nililokuficha. Mkuu wetu wa shule alimuombea nafasi shule ya bweni yenye walimu wanaofundisha wasioona hesabu za juu, mbali huko, safari ya treni. Wamemkubali. Nimeambiwa tangu mwezi uliopita, nikanyamaza. Sikumwambia hata Peniel. Tangu mume wangu Stefano afariki, sauti pekee ndani ya nyumba hii ni ya huyu mtoto, na nimempenda kama nimemzaa mimi. Niliogopa, dada.

Jana nilimwambia. Alifurahi, akaruka, halafu akaniuliza nitakuwa nakula na nani. Nikaenda kulia jikoni.

Kwa hiyo likizo njoo, ila usije kumrudisha Ulemo. Njoo tumpeleke wote.

Mama mpe shikamoo yangu, wote nyumbani nawasalimu. Peniel anasema umletee karanga. Na ukija, dada, uage kabisa kwamba utachelewa kurudi. Tukishampeleka, sitaweza kuufungua mlango huu peke yangu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Elina