Jina Lako Bado Limo Kikundini

Kaka Otmari,

Umenikera. Naanza na hilo kabla machozi hayajaniharibia karatasi. Wewe ndiye uliyetuandikisha kwenye kile kikundi cha makarani wa masjala wanaofundishana kazi kwa barua pepe, nchi nzima, eti tusipojua kompyuta tutakuwa wa kwanza kupunguzwa. Ukasema, "Twende wote, mzee mwenzangu, ukizama nitakushika mkono." Wiki mbili baadaye ukafa. Mkono gani sasa?

Nimehangaika, bwana. Kompyuta ni moja ofisi nzima, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya ukweni. Na mimi unanijua: kila ujumbe nauchapa, naugonga mhuri wa kupokelewa, naupa namba, naupeleka kwa bosi atoe maelekezo. Jibu langu linafika swali limeshasahaulika. Dada mmoja wa Tabora nilimtakia heri ya mtihani ameshafeli. Jalada la kikundi limenenepa mpaka nimefungua la pili. Najua unacheka. Acha.

Kinachoniudhi zaidi ni jina lako. Kila Jumatatu wanauliza: "Bwana Otmari wa Songea, mbona kimya?" Juzi mwalimu wa kikundi katangaza kwamba asiyechangia kufikia Ijumaa anaondolewa. Katutaja wewe na mimi, eti majibu yangu ya kuchelewa hayahesabiwi. Nikiondolewa cheti sipati, na bila cheti najua orodha ya kupunguzwa itaanza na nani. Lakini nikichangia sasa wataniuliza wewe uko wapi, na itabidi niwaambie umekufa. Niliandika rasimu nikampelekea bosi aidhinishe. Nikairekebisha, nikaipeleka tena. Mara ya tatu akavua miwani: "Mzee, hata hii inataka saini yangu?"

Nikatoka, rasimu nikaichomeka kwenye jalada.

Ijumaa asubuhi karani wa Kigoma akauliza jalada lililopotea linatafutwaje. Nikakusikia kabisa: "Jalada halina miguu, kuna mtu amelikalia." Unakumbuka tulivyozunguka ofisi zote, tunasalimia tu, hatuulizi kitu, mpaka tukalikuta kwenye kiti cha yule afisa mfupi, kalikalia ili aifikie meza? Nikaandika yote papo hapo. Bila namba, bila saini. Mwishoni nikaongeza: hili alinifundisha Otmari, naye tumemzika hapa Songea, makaburi ya Mjimwema. Nikabonyeza kabla sijaogopa.

Pole zilimiminika, kaka, kutoka mikoa ambayo hatujawahi kufika. Yule dada wa Tabora kasema naye sasa anachungulia viti vya watu. Mimi nimebaki kikundini. Wewe wamekufuta. Nimeangalia mara mbili.

Zile pole nimezichapa, ila mhuri sijazigonga. Jumapili baada ya misa nampelekea shemeji. Na nakuahidi, atakayeuliza nitamjibu siku hiyohiyo, bosi atasoma baadaye akitaka.

Lala salama, kaka. Juu ya jalada la kikundi nimeandika jina lako kwa wino. Hapo hawana pa kubonyeza.

Mwenzako wa masjala,
Gaspari