Chuchu ya Mbele

Jumatatu, 10 Juni 2013

Kahawa imeanikwa. Nepi zimefuliwa. Uji wa mtoto wangu Elia umeungua kidogo, kanywa hivyo hivyo.

Binti yangu Tumaini karudi. Shangazi yake kamleta na basi kutoka Tunduma, baada ya miaka miwili huko. Majirani wote wamekuja kumwona. Amenawiri! Amependeza! Mashavu, tumbo, gauni linabana kwapani. Shangazi mtu anajivuna: kila siku soda na skonsi, jioni chipsi. Mama mkwe kapiga vigelegele.

Walipoondoka nikamsimamisha kwenye mwimo wa mlango, pale nilipomwekea alama kabla hajaenda. Kaongezeka vidole vitatu. Miaka miwili yote, vidole vitatu. Ana miaka tisa na nguo za mtoto wa jirani mwenye miaka sita zinamtosha urefu. Sijamwambia mtu.

Jumatano, 12 Juni

Nguruwe kazaa. Tisa. Baba Tumaini hajatoka bandani tangu asubuhi, chakula kapelekewa huko.

Nimemfundisha Tumaini kusoma. Ameshindwa "ng'ombe". Ameshindwa "mlango". Nimemfinya. Kalia kimya kimya, bila sauti, na hilo limenikasirisha zaidi.

Alhamisi, 13 Juni

Kliniki. Mstari wa uzito wa Elia kwenye kadi umelala, mwezi wa pili sasa. Nesi kaniuliza nampa nini. Uji wa sembe, nikasema. Na nini? Na sukari.

Kisha kamtazama Tumaini, niliyekuwa nimekwenda naye. Kaniuliza alivyolelewa. Aliuliza taratibu, bila kunisema, na hilo ndilo lililoniuma. Kanieleza. Tangu mimba inapoingia mpaka mtoto afikishe miaka miwili ni kama siku elfu moja. Siku hizo ndipo ubongo unapojengwa. Mtoto akikosa chakula bora hapo, mwili wake unajifunza kubana kila unachopata. Baadaye ukimlisha sana, urefu hauji, yanakuja mafuta. Ukubwani, presha na sukari vinamnyemelea. Nikamuuliza, kwa hiyo mwanangu ni mjinga? Akasema hapana. Atajifunza, ila anahitaji subira, na hiyo soda iachwe.

Subira! Jana nilimfinya.

Njiani nimepiga hesabu. Elia ana miezi saba. Amekwisha kutumia karibu siku mia tano.

Ijumaa, 14 Juni

Sikulala vizuri. Niandike ukweli, hili daftari halisomwi na mtu.

Mimba ya Tumaini walinipa vidonge vya kuongeza damu. Vilinichefua. Nikavitupa chooni. Alipofika miezi mitatu nikamwacha nyumbani na chupa ya uji mweupe wa maji maji, mimi nikaenda kuchuma kahawa. Mchana nikirudi uji umepoa na mtoto amelala. Nikajisifu kwamba nina mtoto mpole. Hakuwa mpole. Alikuwa na njaa!

Na hapa Iyula hakuna njaa. Hilo ndilo linalonitia hasira. Mahindi yapo, maharage yapo, karanga, maparachichi yanaoza chini. Mayai tunayo. Yote yanapandishwa kwenye malori kwenda Tunduma, sisi tunabaki na ugali mweupe na mboga za majani, tunajiita watu wa shibe. Yai ukimpa mtoto, mama mkwe anasema atachelewa kuongea. Dona, unga usiokobolewa, ni chakula cha wafungwa, anasema. Miaka kumi namwitikia "ndiyo mama". Nimechoka.

Nani anakula vizuri katika nyumba hii? Nguruwe. Pumba zote za mahindi ni zao. Gunia la dagaa ni lao. Mashudu ya alizeti, yao. Leo watoto wa nguruwe wametimiza siku ya tatu, Baba Tumaini kamwita bwana mifugo wachomwe sindano ya madini ya chuma, wasipungukiwe damu. Tumaini alipotimiza siku ya tatu, baba yake alikuwa kilabuni anapongezwa.

Jumatano, 19 Juni

Nimekwenda mashineni na mahindi. Nikamwambia fundi asikoboe, asage hivyo hivyo. Kaniuliza mara mbili. Halafu nimechota mabakuli mawili ya dagaa kwenye gunia la nguruwe, ni wale wale wanaouzwa sokoni. Nikachambua mchanga, nikaosha, nikakaanga, nikatwanga. Na karanga.

Jioni Baba Tumaini akauliza, "Mama Tumaini, pumba ziko wapi?"

Nikamjibu, "Tumekula."

Akafikiri ni utani. Alipoona ugali wa kahawia akasimama, akaenda bandani. Mama mkwe akaisukuma sahani. "Mkwe wangu, leo tumefungwa jela?"

Elia kamaliza bakuli lake la uji na kulia anataka jingine.

Ijumaa, 21 Juni

Siku ya pili Baba Tumaini hasemi nami. Na asiseme.

Jumamosi, 22 Juni

Nimefanya jambo baya.

Nilikwenda bandani kumwita Baba Tumaini. Nikamkuta amepiga magoti kwenye majani, anamtoa mtoto mmoja wa nguruwe nyuma na kumsogeza kwenye chuchu ya mbele. Kalikuwa kadogo kuliko wenzake wote. Nikamuuliza kwa nini. Akasahau kwamba ameninunia, maana akiulizwa habari za nguruwe hujisahau.

"Chuchu za mbele ndizo zenye maziwa. Haka kadogo kanasukumwa nyuma, kananyonya hewa. Wiki hizi zikikapita, basi. Utakalisha baadaye mpaka uchoke, hakarefuki, kanaweka mafuta tu. Hata akili kanachelewa. Wenzake wanajua birika la maji, kenyewe kanazunguka tu."

Anajua! Miaka yote anajua! Nikapiga kelele, sijui hata kama majirani walisikia. Nikamwambia kama unajua hivyo mbona mwanao hukumsogeza mbele? Mbona mtoto wa nguruwe anachomwa sindano na wa kwako anapewa maji meupe? "Mtazame Tumaini! Mfupi, mnene, hajui kusoma. Tumaini ndiye haka kadogo kako!"

Alinitazama kidogo, kisha akatazama nyuma yangu. Tumaini alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji.

Aliiweka chini polepole, asimwage. Akaondoka.

Jumapili, 23 Juni

Sikwenda kanisani. Ningeimba nini?

Nilimkuta Tumaini nyuma ya jiko, amekaa na Elia mapajani. Nilitaka kumwomba msamaha. Yeye ndiye aliyeanza. Siku ya kliniki alikuwa anasikiliza, kumbe, kila neno.

"Mama, siku zangu elfu ziliisha lini?"

Nilikaa chini kwenye majivu. Nikamwambia ukweli. Ziliisha zamani, mwanangu, na mimi nilikuwa sijui. Baba yako naye alijua ya nguruwe tu. Nikamwambia si kosa lako, na nilichosema bandani kilikuwa kibaya, na wewe si nguruwe. Nikamwambia kusoma utajua, taratibu, na sitakufinya tena.

Akauliza za Elia zimebaki ngapi. Mia tano, nikasema, na kidogo.

"Nitazihesabu mimi," akasema.

Jumatano, 26 Juni

Baba Tumaini kaenda mashineni mwenyewe. Kaja na dona. Kaweka mfuko jikoni. Kuna mayai manne juu ya mfuko. Mama mkwe kayaona, kaguna, kaendelea kuchambua maharage.

Jumanne, 2 Julai

Mlango wa banda una mistari ya mkaa. Ya juu ni ya Baba Tumaini, wiki za nguruwe wake. Ya chini, iliyopinda pinda, ni ya Tumaini. Mmoja kila siku, akishamlisha Elia uji. Akimaliza kumlisha anakula yai lake mwenyewe, polepole, kisha anakwenda kukimbizana na wenzake mpaka atoke jasho.

Leo nimeitazama mistari yake. Tangu Jumatatu ya wiki iliyopita ilipaswa kuwa tisa. Ipo minane. Ameruka Jumapili.

Nimemwita. Alipoona ninatazama mlango akaficha mikono nyuma. Nimekaa chini kwenye majani, nikamwomba akae karibu yangu. Tumehesabu kwa kidole, siku kwa siku, tukaanza upya mara tatu. Mara ya tatu akaiona mwenyewe ile Jumapili iliyokosekana. Nikampa mkaa.