Picha Moja tu Mwaka Mzima

Ruhuwiko, Songea

Atati, baba yangu, shikamoo. Na assalaam alaikum kwa wote mliokaa hapo barazani mkisikiliza, maana najua barua yangu kwa baba haijawahi kusomwa faraghani hata siku moja. Mimi mzima, alhamdulillahi, ila mvua za huku na baridi yake zimenikamata kifua, naandika nimejifunga khanga mbili. Na mama, Amama wangu, mguu unaendeleaje? Korosho mmemaliza kuokota? Na wewe baba, macho? Usijibu. Jibu lako Mwanahawa ameshanipa, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mwanahawa mdogo wangu, wewe unayemsomea, soma yote kama yalivyo. Usirukeruke kwa kumwonea huruma.

Ningepiga simu, lakini kwenye simu baba ukisikia neno usilolitaka unaanza, "Haloo? Haloo? Mtandao!" Karatasi haina mtandao. Leo utanisikia mpaka mwisho.

Umeniuliza picha zipi zimenifurahisha mwaka huu, kama tunavyoulizana kila mwaka tangu enzi zile ulipokuwa ukinipakia kwenye keria ya baiskeli twende kijiji cha pili kutazama video ya jenereta. Ugonjwa huu umenitia wewe, sikatai. Lakini mwaka wenyewe baba, aibu tupu.

Iliyosifiwa kuliko zote shuleni kwetu ni ya hapahapa nchini. Ina sehemu ya kwanza, ya pili na ya tatu, na katika zote watu wamekaa kwenye makochi wanalia. Tajiri analia, mkewe analia, hausigeli analia, hata mlinzi wa getini wamemwita ndani aje alie. Mke anarogwa, analazwa, na pale kitandani mahututi kope za bandia zimesimama kama ufagio. Anakufa. Anazikwa. Sehemu ya tatu amerudi, kasuka nywele mpya. Kutoka wapi? Hakuna aliyeuliza. Walimu wenzangu walisimuliana ofisini mpaka machozi yakawatoka, na wa kwanza kulia alikuwa mwalimu wa hesabu, baba, mtu anayejua kujumlisha! Nikawauliza huko kaburini kuna saluni? Wakasema nina roho mbaya. Haya, ninayo.

Za nje ndiyo usiseme. Siku hizi hakuna anayesikiliza Mzungu wala Mchina anasema nini. Kuna DJ amejirekodi juu ya sauti zao, anawasemea wote kwa Kiswahili. Bibi kizee sauti ya DJ, bibi harusi sauti ya DJ, kichanga kikilia ni DJ huyohuyo. Akikosa la kutafsiri, anakutangazia unachokiona. "Sasa anafungua mlango. Sasa anaingia." Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama, ila naona huyu hakupita kwa wahenga.

Mwezi uliopita nilikwenda alasiri kwenye banda la video la hapa jirani. Mwanamke peke yangu, tena mwalimu, nimekaa benchi la mbele. Wakinishangaa na washangae. Ilikuwa picha ya vita. Mkuu wa jeshi akanyanyua mkono, akawapigia kelele askari wake wafyatue risasi. Sasa Waingereza, kwa ufukara wao wa maneno, neno la kuamuru risasi na neno la moto kwao ni lilelile. DJ ikabidi achague. Akachagua, "Moto! Moto! Moto jamani!" Na banda limejaa, nyaya zinaning'inia, feni inatoa harufu. Mtu wa nyuma akaitikia, "Moto wapi?"

Basi! Wanaume wazima na ndevu zao walimiminika mlangoni wakikanyagana, mabenchi miguu juu, mwingine kaacha kiatu, mwingine kaacha mtu aliyekuja naye. Mwenye banda ananiita kutoka nje, "Mwalimu, toka, utaungua!"

"Niungue na nini," nikamjibu, "na Kiswahili cha huyu?"

Wakarudi wanajifuta vumbi, wakaendelea kutazama. Na ukiwauliza leo picha bora ya mwaka, wote watakutajia hiyo. Wanasema inasisimua.

Na huyo DJ, baba, ndiye unayemwambia Mwanahawa kwamba anakutosha. "Macho ya nini? Siku hizi picha zinasimuliwa, mimi nasikiliza tu." Nyoo! Wewe? Wewe uliyemfukuza jirani barazani kwa kuthubutu kukusimulia picha ambayo hujaiona? Daktari wa macho anakuja hapo hospitali mwezi ujao kuwatoa watu mtoto wa jicho, Mwanahawa amekwenda kukuandikisha kwa miguu yake, nawe unajificha nyuma ya DJ! Sema unaogopa kisu. Kuogopa si dhambi, mimi sindano tu inanikimbiza. Lakini masikio usiniletee. Jicho la kushoto limeshafunga, la kulia linafuata, na juzi umeupungia mkono mgomba ukidhani ni shemeji. Amama alinisimulia hiyo kwa kicheko. Kisha nikasikia analia. Naogopa na mimi, baba. Naogopa kuja likizo nisimame mbele yako uulize, "Nani huyo?"

Haya, picha. Ipo moja, na niliipata kwenye banda lilelile. DJ aliichukua bila kuitazama kwanza, akaumbuka. Mzee na binti yake wanampeleka ng'ombe mnadani, kwa miguu, siku nyingi. Kila mnunuzi anayekuja, mzee anamtia dosari kwa uso tu: huyu anampima mnyama kwa fimbo, yule hata hakumtazama. Hawasemi. Picha nzima hawasemi! DJ alikaa humo kama mkwe aliyekosewa, mara moja tu akakohoa. Ungekuwa pale na hayo masikio yako ungesikia kengele ya ng'ombe na kikohozi cha DJ, ukarudi nyumbani.

Watu wakaanza kelele, wanamtafuta shujaa wa picha. "Steringi nani humu?" Mwingine akasema, "Ng'ombe!" "Basi hatakufa, steringi hafi!" Wakacheka, wakatoka mmojammoja kutafuta mahindi ya kuchoma. Mwenye banda akasinzia mlangoni. Nikabaki mimi na yule mzee, na kwa mara ya kwanza mwaka huu sikuwa na neno baya la kusema.

Mwishoni amebaki mnunuzi mmoja, mchinjaji, kisu kiunoni. Anashika kamba upande wake, mzee kaishika upande wake. Binti hamtazami ng'ombe, anautazama mkono wa baba yake. Na mkono ule, baba, wameuleta karibu, kucha zake, mikunjo yake, na vidole vinaanza kujongea juu ya kamba. Nililia. Mimi! Nilijifanya nimeingiwa na moshi.

Nisalimie Amama, mwambie mguu aukande kwa maji ya moto, si kwa maneno ya majirani. Msalimie shemeji, mume wa Mwanahawa, ambaye hafanani na mgomba hata kidogo. Nisalimie shangazi wa kisimani na imamu aliyenifundisha alifu kwa kijiti.

Najua sasa hivi umemshika Mwanahawa mkono, unamwuliza, "Enhe, vidole vikafanyaje? Viliachia?" Mwanahawa hajui. Sikumwambia, na hapa siandiki. Picha ninayo kwenye flashi, nakuja nayo likizo. Nikikukuta umeshafunguliwa bandeji tutakaa mkeka mmoja tuitazame. Nikikuta bado unasikiliza, narudi nayo Songea.

Mwanao akupendaye,
Somoe