Mchwa Hataki Kula

Wodi ya Watoto,
Kitanda cha dirishani.
Jumanne, mchana.

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, na kama umesimama, tafuta kiti kwanza. Habari za hapo nyumbani? Goti linaendeleaje? Na yule daktari wa masikio ulimwona, au bado unamkwepa? Shangazi hajambo? Mwambie kikohozi chake sijakisahau, ila leo sitakiulizia kwa kirefu.

Mimi ni mzima wa mwili. Profesa, kaka mtu, mzima, baba yao mzima. Mjukuu wako Mchwa yuko hai, Baba, amelala hapa mbele yangu anatazama dari. Nimeyaweka maneno hayo juu kabisa kwa sababu nakujua, ungeruka mistari ukiyatafuta. Sasa soma taratibu.

Nakuandikia kwa sababu sina njia nyingine. Simu ukipokea unasema "Eeh, eeh, asante," kisha unakata. Meseji huzifungui, unadai zote ni za matangazo. Kwa hiyo mdogo wake mume wangu, anayepita huko kesho na lori lake la saruji, atakukabidhi barua hii mkononi. Nimemwambia asibanduke hapo mpaka uimalize.

Tangu ulipoondoka kwetu, kila Jumapili asubuhi imekuwa ya bustani. Hata cherehani yangu siigusi siku hiyo. Ule uwanja wa nyuma uliokuwa unauita jalala, sasa kila mtoto ana tuta lake. Wanachimba kwa vijiko vya zamani. Wanamwagilia kwa chupa ambazo baba yao amezitoboa vifuniko kwa msumari, zikawa zinamimina manyunyu. Nafasi kati ya shimo na shimo tunapima kwa unyayo wa Mchwa, na Profesa amelalamika sana kwamba unyayo wake wa darasa la kwanza umedharauliwa. Tumesimamisha na mtu wa kutisha ndege, amevaa ovaroli kuukuu la gereji. Mchwa humwamkia kila asubuhi. Ndege nao hawamwogopi hata kidogo, wanamkalia mabegani.

Na lile somo lako tuliliendeleza. Mbegu unaiweka chini ya ulimi iamke, unachimba, na huitemi mpaka shimo liwe tayari. Ndivyo ulivyotufundisha sisi tulipokuwa wadogo, na maharage yalikuwa yanaota kweli. Watoto waliupenda mchezo huo kuliko yote, maana ndiyo saa pekee katika wiki nyumba yangu inakuwa kimya.

Sasa, Baba, siku ulipowafundisha hilo, mume wangu hakuwapo. Alikuwa gereji, pale jirani na nyumba, chini ya gari la mtu, kama anavyokuwa hata Jumapili. Anachokumbuka yeye ni ulivyomcheka mbele ya shangazi, maharage yake yalipoliwa na wadudu, ukasema mkwe wako ana mkono wa grisi, hawezi kuotesha kitu ila kutu. Alicheka na wewe. Lakini lilimkaa rohoni, na Jumamosi iliyopita akaenda duka la pembejeo akaomba mbegu bora kabisa, zile ambazo mdudu hazigusi. Alitaka ukija tena ukose la kusema.

Zilikuwa za waridi, zinang'aa. Akadhani rangi ni ya urembo tu. Akazimimina kwenye bakuli la watoto, na Profesa akaichukua pakiti, yenye picha ya maharage, akaichomeka kwenye kijiti kuwa kibao cha tuta. Mimi sikuziona. Nilikuwa bombani najaza chupa.

Kwanza nilimsikia Profesa anatema, "Chungu! Chungu!" anajifuta ulimi kwa shati. Nikacheka, Baba. Nikamwambia hata mbegu zimemchoka. Kisha nikamtazama Mchwa.

Alikuwa amechuchumaa karibu na ukuta, pale udongo ulipokuwa mgumu, anachimba kwa kijiko. Mashavu yamevimba. Alitaka kuamsha mstari mzima kwa mara moja. Udenda wa waridi ulikuwa unamshuka kidevuni. Nikapiga kelele, "Tema!" Akatikisa kichwa, akanionyesha shimo kwa kidole, kwamba bado halijafika.

Mtoto alikuwa anatii.

Nilimtia vidole mdomoni akaning'ata. Mbegu zilitoka nyeupe, Baba. Rangi yote ilikuwa imebaki kwake.

Mume wangu alikuja mbio, akaing'oa ile pakiti na kijiti chake, akaigeuza. Nyuma kulikuwa na picha ya fuvu la kichwa, na onyo kwamba mbegu zimepakwa sumu ya wadudu. Sijawahi kumwona mwanamume yule akikosa rangi usoni. Alimbeba mtoto, akatuingiza kwenye gari la mteja lililokuwa linasubiri breki, na tukaenda hivyo hivyo, breki za kubahatisha. Pale mapokezi daktari aliuliza amekula nini. Mume wangu akampa pakiti, ingali kwenye kijiti, tope linadondoka sakafuni. Daktari alisoma na hakuna aliyecheka.

Alitapika. Akatetemeka mwili mzima, mate yakawa yanamtoka hayakatiki, na mboni za macho zikawa ndogo kama kichwa cha pini. Walimchoma sindano, wakamwekea dripu, wakatutoa nje. Huko koridoni mume wangu akanigeukia, "Mambo ya baba yako haya." Nami nikamjibu, "Na mbegu ni zako." Tukaendelea mpaka mfagiaji akatuomba tuinue miguu. Kweli ni kwamba yeye hakujua habari ya mdomo, nami sikujua habari ya dawa. Lakini hakuna aliyekuwa tayari kusema hivyo. Tangu hapo tukawa hatuongei. Akitaka kuniambia kitu anamwambia nesi.

Jana asubuhi daktari alituambia sumu imetoka, hatari imepita, sasa ale tu na anywe, chakula kikikaa tumboni twende nyumbani. Nililia kwa furaha mbele za watu. Nikakimbilia uji.

Mchwa hakuufungua mdomo. Huyo uliyempa jina la Mchwa mwenyewe, kwa sababu haachi kitu kwenye sahani, huyo anayekula mpaka makoko ya sufuria. Nesi alimbembeleza. Baba yake akaleta mkate na asali. Profesa akala mbele yake kumwonyesha, akala tena, mwishowe tukamkataza. Hata maji hataki. Midomo imempasuka. Tukadhani anaogopa sumu, nikaunywa uji mbele yake, nikamwambia huu ni uji, si mbegu. Akafumba macho.

Dripu imerudishwa. Daktari amesema haiwezi kuwa chakula cha mtoto, na kwamba mshipa wa kwanza umeshavimba, wanatafuta mwingine. Akiendelea kugoma, watampitisha mpira puani mpaka tumboni. Nimeuona huo mpira. Niko roho juu, Baba, siwezi kukuficha.

Leo asubuhi ndipo aliposema. Nilikuwa namfuta uso, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Babu amekufa?"

Nikamwambia hapana, Babu yuko nyumbani kwake. Akaniuliza, "Nani alimtoa mbegu mdomoni?"

Kumbe siku ile alimsikia daktari akitufokea kwamba ukitia mbegu hizo mdomoni unakufa. Na yeye anajua Babu hutia mbegu mdomoni kila anapopanda. Anajua pia unakaa na shangazi tu, na shangazi hawezi kukimbia. Ameyafikiria yote hayo peke yake, Baba, kwenye kitanda hiki, huku sisi tunamchekesha na vijiko. Nilipomuuliza mbona hali, akasema, "Sili mpaka Babu ale."

Tumekupigia simu mbele yake. Ile ya saa nne ilikuwa ni sisi. Tukaweka sauti kubwa, ukasema "Eeh, asante, asante," ukakata. Mchwa akasema huyo si Babu, Babu hasemi asante. Nikamwonyesha picha zako kwenye simu yangu, zile za bustanini kwetu. Akazitazama moja moja kwa makini, kisha akanirudishia simu. "Picha haili," akasema, akageukia ukutani.

Mume wangu alikuwa mlangoni, amesikia. Akaja akakaa pembeni yangu. Akaniambia mimi, si nesi, "Mwite mzee. Mwambie ni mimi ninayemwomba." Hayo ni maneno yake ya kwanza kwangu baada ya ugomvi, na nimeyaandika kama yalivyo.

Najua ulipofika hapa umeshaanza kujilaumu, na mkono unatafuta kalamu uniandikie radhi ndefu. Sitaki. Nilikukasirikia sana, Baba, juzi nilikukasirikia mpaka nikakosa usingizi, na nikipata nafasi nitakukasirikia tena, wewe na mkweo kwa pamoja. Sasa hivi nafasi sina. Mbegu zako zilikuwa mbegu tupu za shambani, hazikumdhuru mtu. Za siku hizi si hizo. Hilo utakuja kuwaambia watoto kwa mdomo wako mwenyewe, maana langu hawatalisikia. Kwao neno la bustani ni lako.

Lori linashusha saruji na kugeuza kesho hiyo hiyo. Kiti cha mbele hakina mtu. Najua goti litasumbua, na najua shangazi atasema hujafua, hujajiandaa, huna shati la safari. Vaa ulilonalo. Usisubiri kupona wala usisubiri kufua. Ukichelewa lori hilo, lingine sijui lini, na mpira wa puani hautakusubiri.

Nisalimie shangazi, mwambie simlaumu kwa lolote, ila akuachie uende. Msalimie fundi viatu wa jirani, na yule mpwa wangu mtundu mwambie akulishie kuku. Profesa anakuamkia, anasema kibao cha tuta lake amekitupa, atachora kingine mwenyewe. Mkweo pia anakuamkia.

Mungu akulinde njiani, akufikishe salama, na akuzidishie siku za kuonekana na huyu mtoto.

Wako akupendaye pamoja na hasira zake,
Binti yako.

Baada ya kuandika: Ameniona nakunja karatasi, ameuliza inaenda wapi. Nimemwambia inakwenda kukuchukua. Ameomba asogezwe aone mlango. Usile kitu njiani, Baba. Njoo na njaa.